Mkengeuko Sanifu Unapotoka Kombo: Kutoka Dalili Kwenye Skrini Hadi Chanzo Chake

Mkengeuko sanifu unaeleza namba za kundi moja zimetawanyika kwa kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Programu za kompyuta huukokotoa kwa kufumba na kufumbua, lakini haziulizi swali lolote kabla ya kufanya hivyo: zikipewa namba tisa badala ya kumi zitakokotoa hizo tisa, na zikikuta mstari wa jumla umekaa chini ya safu zitauchukua kama kipimo kingine. Ndiyo maana makosa mengi ya kipimo hiki hayatokani na hesabu yenyewe, bali na kilichoingia kwenye hesabu. Mwongozo huu unaanza na dalili, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Ili tuzungumze kwa namba tunazozijua, tuchukue mfano wa ghala nchini Kenya, ambako gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 90. Tuseme magunia kumi yamepimwa na mizani ikaonyesha 89.2, 90.4, 90.1, 88.7, 91.0, 90.3, 89.6, 90.8, 89.9 na 90.0. Jumla yake ni 900 na wastani ni 90. Ukitafuta tofauti ya kila gunia na wastani, ukaipandisha kwenye kipeo cha pili, kisha ukajumlisha zote, unapata 4.40. Ukigawanya kwa 9 na kutafuta kipeuo cha pili, jibu ni 0.699, ukigawanya kwa 10, jibu ni 0.663. Ninapendekeza uziingize namba hizi sasa hivi kwenye programu unayoitumia, kwa sababu data ambayo jibu lake unalijua tayari ndiyo chombo bora cha uchunguzi.

Jibu linakaribia, lakini halilingani

Hili ndilo kundi la makosa ninaloliogopa kuliko mengine yote, kwa kuwa hakuna onyo linalotokea na namba inayopatikana inaonekana ya kawaida kabisa.

Chanzo cha kwanza ni kigawanyo. Ikiwa magunia kumi ni sampuli iliyochukuliwa ili kusema jambo kuhusu ghala zima, tunagawanya kwa n−1 (n ni idadi ya vipimo), yaani 9, kwa sababu wastani wenyewe umetokana na magunia hayo hayo, na hivyo tofauti zake huwa ndogo kidogo kuliko ambavyo zingekuwa kama tungeujua wastani wa ghala lote. Haya huitwa marekebisho ya Bessel. Ikiwa magunia kumi ndiyo yote yaliyopo na hakuna jingine la kulizungumzia, tunagawanya kwa n. Katika Excel, kuanzia toleo la 2010, fomula ya sampuli ni STDEV.S na ya kundi zima ni STDEV.P, majina ya zamani, STDEV na STDEVP, bado yanafanya kazi na yana maana ileile. Vikokotoo vya kisayansi vinavyotumika mashuleni navyo hutoa majibu yote mawili, na mwanafunzi akibonyeza σ yenye n badala ya ile yenye n−1 atapata 0.663 na kudhani kwamba kitabu kimekosea.

Programu nyingine huchagua kwa niaba yako bila kukuambia. Fomula sd() ya R, programu ya takwimu, hugawanya kwa n−1 daima. Katika lugha ya programu ya Python, numpy.std ya maktaba ya numpy hugawanya kwa n usipoiagiza vinginevyo, ilhali std ya maktaba ya pandas hugawanya kwa n−1. Kwa hiyo safu moja, ndani ya programu moja, yaweza kutoa 0.663 kwenye mstari mmoja na 0.699 kwenye mstari unaofuata. Dawa ni kuandika ddof=1, yaani agizo la kugawanya kwa n−1, waziwazi kila mara, hata pale ambapo si lazima. Hifadhidata nazo zina mtego wake: katika MySQL, STDDEV ni ya kundi zima, lakini katika PostgreSQL neno hilohilo ni la sampuli, na anayehamisha mfumo kutoka moja kwenda nyingine atabadilisha majibu ya ripoti zake zote bila kugusa hata herufi moja. Andika STDDEV_SAMP au STDDEV_POP, ambazo maana yake haibadiliki kati ya mifumo hiyo miwili.

Ukubwa wa tofauti hii unategemea wingi wa data. Kwa vipimo 10 majibu mawili yanatofautiana kwa takriban asilimia 5.4, kwa vipimo 1,000 tofauti ni takriban asilimia 0.05. Kwa hiyo ikiwa una mistari elfu kadhaa na majibu mawili yanapishana kwa asilimia tatu, usipoteze muda kwenye kigawanyo. Chanzo kiko kwingine.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu kuna chanzo cha pili ambacho wengi hawakitarajii. Tuseme umetumia STDEV.S ipasavyo, lakini ulipochagua safu ulichukua pia seli ya chini yake ambamo wastani, 90.0, ulikuwa umeandikwa. Wastani hauongezi chochote kwenye jumla ya tofauti, kwa kuwa tofauti yake na wastani ni sifuri, lakini unaongeza idadi kutoka 10 hadi 11. Sasa 4.40 inagawanywa kwa 10, na jibu ni 0.663. Ni namba ileile ya kundi zima, hadi tarakimu ya mwisho. Mkaguzi atakayeiona atasema kwamba umechagua fomula isiyo sahihi, wewe utamwonyesha kwamba fomula ni sahihi, na mabishano hayatakwisha mpaka mmoja wenu aandike =COUNT(A2:A12) na kuona 11 mahali palipopaswa kuwa 10.

Ndiyo maana naiweka COUNT mbele ya fomula nyingine zote. Kabla ya kutafuta mkengeuko, tafuta n, na uilinganishe na idadi unayoijua kutoka kwenye daftari la ghalani. Excel, LibreOffice Calc na Google Sheets zote zina COUNT, inayohesabu namba peke yake, na COUNTA, inayohesabu seli yoyote isiyo tupu. Zikitofautiana, ipo seli yenye maandishi ndani ya safu yako.

Seli ya namna hiyo ndiyo chanzo cha tatu. Tuseme karani aliandika gunia la nne kama «88.7 kg». Kwa jicho la binadamu hiyo ni namba, lakini kwa programu ni maandishi, na STDEV.S inaliruka gunia hilo kimyakimya. Yanabaki magunia tisa na jibu linakuwa 0.561. Tazama kilichotokea: gunia lililokuwa mbali zaidi na wastani ndilo lililopotea, na ghala sasa linaonekana kuwa na vipimo vilivyo sawa zaidi kuliko ukweli. Kosa lililokupa habari njema ni gumu kushukiwa. Maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli na namba hukaa kulia, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio. Excel pia huweka pembetatu ndogo ya kijani kwenye pembe ya seli yenye namba iliyohifadhiwa kama maandishi. Usithibitishe kwa kuandika =A4+A5, kwa sababu alama ya kujumlisha hugeuza maandishi yanayofanana na namba kuwa namba, ilhali SUM na STDEV.S zinayaruka yakiwa ndani ya safu. Tumia ISNUMBER.

Data iliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa tovuti mara nyingi huja na nafasi isiyoonekana ambayo TRIM haiiondoi, kwa kuwa hiyo ni herufi namba 160 na si nafasi ya kawaida. Fomula =VALUE(SUBSTITUTE(A5,CHAR(160),"")) huimaliza. Faili zinazovuka mipaka yetu zina tatizo jingine: Tanzania na Kenya huandika desimali kwa nukta, lakini anayefanya kazi kwa mazoea ya Kifaransa huko Bujumbura au Lubumbashi huandika 88,7 kwa mkato, na kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza haisomi hapo themanini na nane nukta saba. Badilisha mpangilio wa lugha wakati wa kufungua faili, si baada ya kuifungua, maana programu ikishaisoma vibaya huenda isiwezekane tena kujua mkato ulikuwa wapi.

Mistari iliyorudiwa hupunguza mkengeuko kidogo sana. Magunia yetu kumi yakiingizwa mara mbili, jibu ni 0.681 badala ya 0.699. Hutokea pale faili mbili za siku moja zinapounganishwa, na hapo pia COUNT itakuambia 20.

Mwishowe, huenda programu imekokotoa sawasawa lakini wewe umesoma mstari mwingine wa matokeo. Kwa data yetu, 0.489 si mkengeuko bali ni varianzi, yaani jibu kabla ya kipeuo cha pili, 0.22 ni kosa sanifu la wastani, linalopatikana kwa kugawanya 0.699 kwa kipeuo cha pili cha 10, na 0.52 ni jibu la AVEDEV, ambayo hutumia tofauti zenyewe bila kuzipandisha kwenye kipeo cha pili. Kuchanganya kosa sanifu na mkengeuko sanifu si jambo dogo, kwa sababu la kwanza hupungua kadiri unavyopima magunia mengi zaidi, lakini la pili linaeleza magunia yenyewe yalivyo na halina sababu ya kupungua.

Jibu ni kubwa kupita kiasi

Dalili hii ni rahisi zaidi, kwa kuwa inajitangaza. Ukipata 287.45 kwa magunia yetu, gunia la mwisho limeandikwa 999, alama ambayo watafiti wengi huiweka mahali ambapo kipimo hakikupatikana. Katika SPSS, programu nyingine ya takwimu, alama hiyo hutangazwa kwenye safu ya Missing ya ukurasa wa Variable View; katika R andika x[x == 999] <- NA kisha sd(x, na.rm = TRUE); katika pandas itangaze wakati wa kusoma faili kwa na_values. Ukipata 244.2, mstari wa jumla, wenye 900, umeingia ndani ya safu.

Ukipata 28.47, kuna sifuri mahali pa kipimo kilichokosekana. Sifuri hiyo mara nyingi haikuandikwa na mtu. Katika Excel, seli inayovuta data kutoka ukurasa mwingine kwa fomula kama =Ghala!A11 huonyesha 0 ikiwa seli inayovutwa ni tupu. Andika =IF(Ghala!A11="","",Ghala!A11), na hakikisha hutumii STDEVA, kwa sababu hiyo huhesabu maandishi yote kuwa sifuri, hata yale yasiyo na herufi yoyote.

Mkato wa desimali nao unaweza kukuza namba badala ya kuizuia. Mtu aliyeandika 1,250 akimaanisha kilo moja na robo atasomwa kuwa ameandika elfu moja mia mbili na hamsini, kwa sababu tarakimu tatu baada ya mkato hufanana na maelfu.

Programu inatoa alama ya kosa

Alama #DIV/0! kutoka STDEV.S inamaanisha kwamba kuna namba chini ya mbili. Ikiwa unaona safu imejaa, basi yote ni maandishi. Alama #NAME? hutokea ukiandika STDEV.S kwenye toleo la 2007 au la kabla yake, nayo #NOM? hutokea kwenye Excel ya Kifaransa, ambayo huiita fomula hiyo ECARTYPE.STANDARD na ile ya kundi zima ECARTYPE.PEARSON, na hutenganisha vipengele vya fomula kwa nukta mkato badala ya mkato.

R hutoa NA ikiwa kuna hata kipimo kimoja kilichokosekana, na numpy hutoa nan kwa sababu hiyohiyo; na.rm = TRUE na numpy.nanstd ndizo njia za kuendelea. Pandas, kinyume chake, huruka vilivyokosekana bila kusema. Mimi naona tabia ya R ni bora, kwa maana inakulazimisha uamue mwenyewe. Hata hivyo R ina shimo lake: kabla ya toleo 4.0.0 la mwaka 2020, safu yenye maandishi ilisomwa kama makundi, na aliyejaribu kuirekebisha kwa as.numeric() alipata namba za mpangilio wa makundi, 1, 2, 3 na kuendelea, badala ya uzito wa magunia. Hati za zamani za uchambuzi bado zina kosa hilo. Andika as.numeric(as.character(x)).

Jibu ni sifuri, au kipeuo cha namba hasi

Mpima ardhi anapima nguzo moja mara kumi jijini Dar es Salaam, kwa vipimo vya UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita. Umbali wa kaskazini katika eneo hilo ni karibu mita 9,248,000, na vipimo vyake vinapishana kwa sentimita chache. Anatarajia mkengeuko wa mita 0.02. Anapata sifuri, au namba isiyoeleweka, au #NUM!.

Vyanzo ni viwili. Kwanza, huenda faili imehifadhi namba kwa biti 32. Kati ya 8,388,608 na 16,777,216 namba za aina hiyo zinapishana kwa 1 kamili, kwa hiyo kila sentimita imefutwa kabla hesabu haijaanza, na hakuna fomula itakayoirudisha. Rudi kwenye faili ya kifaa na uisome upya kwa biti 64.

Pili, huenda mtu ametumia njia ya mkato inayofundishwa kwa ajili ya kukokotoa kwa mkono: jumla ya vipeo vya pili, ukitoa kipeo cha pili cha jumla kilichogawanywa kwa n. Njia hiyo ni sahihi kwenye karatasi. Ndani ya kompyuta, kipeo cha pili cha 9,248,000 ni zaidi ya trilioni 85, na hata kwa biti 64 namba za ukubwa huo zinapishana kwa takriban 0.016, ilhali kipeo cha pili cha sentimita mbili ni 0.0004. Kinachobaki baada ya kutoa ni uchafu wa ukadiriaji, ambao unaweza hata kuwa hasi, na kipeuo cha pili cha namba hasi hakipatikani. Hili halikuwapata watumiaji wa kawaida tu: Excel ilitumia njia hiyo ndani yake mpaka ilipoboreshwa katika toleo la 2003.

Dawa rahisi ni kutoa namba moja isiyobadilika, kwa mfano 9,248,000, kutoka kwenye kila kipimo kabla ya kukokotoa. Mkengeuko haubadiliki kwa kuhamisha data yote kwa kiasi kilekile. Anayeandika programu yake mwenyewe atafute wastani kwanza kisha tofauti, au, ikiwa data inaingia kimoja kimoja, atumie njia ambayo Welford aliichapisha mwaka 1962. Ili kuijaribu programu yoyote, ipe 10000001, 10000003 na 10000002, mojawapo ya majaribio yaliyowekwa na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST. Jibu sahihi la sampuli ni 1 kamili.

Data iko kwenye jedwali la marudio

Nyumba 26 zimehesabiwa vyumba: mbili zina chumba 1, sita zina 2, kumi zina 3, sita zina 4 na mbili zina 5. STDEV.S ya safu ya vyumba inatoa 1.58, kwa sababu imeona namba tano tu na haikujua kwamba kuna nyumba kumi nyuma ya ile 3. Jibu sahihi ni 1.06. Vyumba vikiwa A2:A6 na idadi ya nyumba B2:B6, weka wastani kwenye seli D1 kwa =SUMPRODUCT(A2:A6,B2:B6)/SUM(B2:B6), kisha andika =SQRT(SUMPRODUCT(B2:B6,(A2:A6-D1)^2)/(SUM(B2:B6)-1)).

Robo hazilingani kati ya programu mbili

Anayepima mtawanyiko kwa umbali kati ya robo ya kwanza na robo ya tatu atakutana na tatizo ambalo si kosa la mtu yeyote. Chukua 3, 5, 7, 8, 12, 13, 14 na 18. QUARTILE.INC ya Excel inatoa 6.5 na 13.25, umbali wa 6.75. QUARTILE.EXC inatoa 5.5 na 13.75, umbali wa 8.25. Njia ya darasani, ya kugawa data katika nusu mbili na kutafuta namba ya katikati ya kila nusu, inatoa 6 na 13.5, umbali wa 7.5. Majibu yote matatu ni halali, kwa kuwa robo huangukia kati ya namba mbili na kila njia ina namna yake ya kuamua iangukie wapi hasa. R peke yake ina njia tisa, zilizopangwa na wanatakwimu Hyndman na Fan mwaka 1996.

Hapa COUNT haisaidii. Kinachosaidia ni kuijua njia ya programu na kuiandika kwenye ripoti. R isipoagizwa hutumia njia ya 7, ambayo ni sawa na QUARTILE.INC na pia na numpy.percentile. SPSS hutumia njia ya 6, sawa na QUARTILE.EXC, na ndivyo ilivyo kwa statistics.quantiles ya Python. Mwenzako aliyetumia SPSS akikuletea 5.5 na 13.75 huku R yako ikionyesha 6.5 na 13.25, andika quantile(x, c(0.25, 0.75), type = 6), na namba zenu zitakutana.